Hata Vidange Iko na Buzito

Mwalimu hakunywa pombe hata siku moja, lakini mdomo wake uliijua mikebe ya bia kuliko mdomo wa mlevi yeyote wa Kolwezi. Sisemi hivyo kumtukana. Mimi ndiye niliyeuza hiyo bia, na mikebe ilitoka kwangu ikaenda kwake, kwa hiyo kama kuna mtu mwenye haki ya kulisema jambo hili, ni mimi.

Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, wale wa miaka minne na mitano, katika shule iliyo nyuma ya depo yangu ya vinywaji. Ukuta mmoja tu ulitutenganisha. Upande wangu kulikuwa na kasiye, yaani kreti, za chupa zilizopangwa hadi dari, frigo nne, muziki, na wachimbaji waliofika na vumbi jekundu ndani ya masikio. Upande wake kulikuwa na chumba kimoja cha mabati, mkeka, na watoto zaidi ya hamsini. Shule haikumpa hata mpira. Kila kitu cha kuchezea kilichokuwa ndani ya chumba kile alikitengeneza yeye, kwa mikebe na chupa za plastiki ambazo wateja wangu walizitupa.

Jina analo, lakini mtaani kwetu hakuna aliyelitumia, na mimi sitaanza leo.

Chumba hicho ndicho walichotaka kumnyang'anya. Direkteri wa shule alikitamani kwa kazi zake, na alikuwa amepata sababu: klasi ya watoto wadogo isiyo na vifaa vya kweli si klasi, ni mahali pa kulundika watoto na takataka. Alisema atamwita enspekteri aje aone kwa macho yake. Enspekteri akisema klasi ifungwe, watoto wale wangerudi mahali walipotoka, yaani barabarani kati ya magari makubwa, au mtoni nyuma ya mama zao wanaoosha mawe ya madini. Mwalimu alilijua hilo. Mimi pia nililijua. Sasa niseme alikuwa mtu wa namna gani, ndipo mtaelewa kwa nini chumba kile bado ni klasi.

Nianze na mdomo. Mkebe wa bia ukiukata, ukingo wake ni wembe. Yeye aliukata kwa mkasi mkuukuu wa fundi nguo, akaukunja mara mbili kwa mpini wa kijiko, akausugua kwa jiwe. Kisha aliupitisha polepole juu ya mdomo wake wa chini, kutoka kona hadi kona. Ukimuuma, anaukunja tena. Usipomuuma, ndipo mtoto anapewa. Nilimuuliza mara moja kwa nini asitumie vidole kama watu wengine.

"Vidole yangu imezoea kushika nyungu ya moto, tata," akanijibu. "Haisikiake kitu tena. Mudomo haina na bongo."

Kwetu bongo ni uongo. Mdomo hausemi uongo. Nikamwambia kwamba mimi nimekaa na walevi miaka mingi na sijaona bado mdomo wa namna hiyo. Hakucheka. Alikuwa na alama nyembamba nyeupe kwenye mdomo, tano au sita, kama mistari niliyokuwa nachora ukutani kwa makaa kuhesabu kasiye. Katika miaka yote ile sikusikia mtoto hata mmoja wa klasi yake aliyekatwa na kichezeo.

Mdomo huo huo ulimpeleka mbele ya wazee wa kanisa. Mzee mmoja wa kanisa alipita nyuma ya depo yangu mchana kweupe, akamkuta mwalimu amekaa juu ya kasiye iliyopinduliwa, mkebe wa bia mdomoni, akauweka chini, akachukua mwingine, akauweka chini, akachukua mwingine. Pembeni mwake palikuwa na rundo lililomfika magotini. Yule mzee hakuuliza neno. Alikwenda moja kwa moja kusema ameona muujiza wa shetani, mama wa kwaya anayemaliza frigo nzima peke yake.

Wakamwita. Wakamuuliza kama ni kweli alitia mikebe ya bia mdomoni. Mwalimu akasema, "Ndiyo." Akaishia hapo. Hiyo ndiyo ilikuwa kasoro yake kubwa, na sitaificha: alikuwa na kiburi cha kutojieleza. Kwake, mtu mwenye macho hahitaji kuelezwa, na asiye na macho hafai kuelezwa. Kwa kiburi hicho angefukuzwa kwaya aliyoimba tangu ujana.

Mteja mmoja akaniletea habari. Mimi sikuwa nimeingia kanisani tangu nilipomzika mama yangu. Nilivaa koti langu la kazi, nikabeba gunia la vichezeo alivyokuwa amevianika kwenye ukuta wangu, nikaingia wakiwa bado wamekaa.

"Tata, weye ni mutu wa nganda," mzee yule akaniambia, yaani wa kilabu cha pombe. "Neno yako inaweza kutusaidia nini hapa?"

"Mi njo nauzisha," nikasema. "Mutu anakunywa, mi najua. Mutu hakunywe, mi najua pia. Mwalimu hakunywe. Hata weye, tata, mi najua."

Mzee alitazama viatu vyake kama ameviona leo. Nilimwaga gunia mbele yao: kamyo, yaani malori, ndege, vikombe vya kuchezea, mikebe yenye mawe madogo ndani, ya kulia kama njuga. Pasta, mchungaji wao, akachukua kamyo moja, akaisukuma mezani, ikaenda, akaisukuma tena. Alipoanza kuisukuma mara ya tatu tukajua kesi imekwisha.

Unadhani mwalimu alinishukuru? Njiani alinigombeza. "Umemupatisha mukubwa wa kanisa haya, Tata Depo. Haikuwa ya lazima."

Tata Depo ndilo jina alilonipa siku tuliyojuana, na siku hiyo nilimfukuza. Asiyefanya kazi yetu hatajua uzito wa neno vidange. Vidange ni chupa tupu ya kioo. Unairudisha kiwandani, unapewa iliyojaa. Usipokuwa na vidange, hata uwe na pesa, hupati kinywaji cha kuuza. Mtu mwenye depo, utajiri wake si bia, ni vidange. Mimi nilianza kwa kusukuma baiskeli ya makaa kutoka njia ya Kasaji, nikiwa nimetoka shule darasa la tatu. Sikurithi kitu. Chupa zangu nilizikusanya moja moja kwa miaka, na nililala nazo chumba kimoja kabla sijaweza kulaza watu humo.

Sasa fikiria mwanamke usiyemjua anaingia, sketi hadi kwenye kifundo cha mguu, kitambaa kichwani, anasema bila hata kukaa, "Tata, nakuya kuomba vidange yako. Yote."

"Vidange?" nikamwambia. "Weye mama, unajua ile ni nini? Ile njo nyumba yangu. Ile njo batoto yangu. Toka mu depo yangu mbele nikuitie polisi."

Hakutoka. Alinyoosha kidole kwenye mtaro, mahali mikebe ilipojaa hadi maji ya mvua yalikuwa yanapita juu.

"Mi siombe ya kioo. Ninaomba hii."

"Hii haiko vidange. Hii ni takataka. Vidange ni ile inarudishwaka."

"Basi mi nitairudisha," akasema.

Akajaza gunia akaenda. Juma lililofuata akarudi, akaweka juu ya kaunta yangu kamyo ya mgodi, kubwa kama kichwa cha mtoto, benne, lile sanduku lake la nyuma, inapanda na kushuka kwa uzi, matairi ya vifuniko vilivyobanwa viwili viwili. Wachimbaji waliokuwa wanakunywa wakasimama wote. Mmoja aliyewahi kuendesha kamyo ya kweli pale mgodi wa Mashamba aliinama akatazama chini yake, akasema hata stepu ya kupandia dereva ipo.

"Narudisha vidange yako, Tata Depo," mwalimu akasema, akachukua gunia la pili.

Tangu siku hiyo kwenye barabara yetu neno lile likawa na maana mbili. Mtu akimaliza mkebe wake, hautupi tena mtaroni. Anauliza, "Vidange ya mwalimu naweka wapi?" Nikanunua pipa.

Alitengeneza vitu vingi na kila kimoja kilikuwa na sheria yake. Kulikuwa na treni ya Kasaji, mikebe kumi na miwili iliyofungwa mmoja nyuma ya mwingine. Sheria yake: watoto wanaosafiri lazima kwanza waketi na mizigo yao, wangoje, wapike, walale, wagombane, ndipo treni ifike. Niliwahi kuona watoto wakiingoja treni ile asubuhi nzima kwa furaha, na ilipofika mmoja akalia kwa sababu alikuwa bado hajamaliza kungoja. Kulikuwa na watoto wa bandia wa chupa za plastiki, na sheria yake ni kwamba lazima wavalishwe kabla ya wewe kula. Na kulikuwa na kamyo. Mwalimu alikataza kabisa mchezo wa kuchimba. Kamyo ndani ya klasi ibebe mahindi kutoka Musumba, au mihogo, au bibi anayekwenda kutembelea wajukuu, lakini jiwe hata moja lisiingie. Ajabu yake, kamyo zote alizozitengeneza zilikuwa kamyo za mgodi, na benne ya mgodi, na matairi ya mgodi. Nikamuuliza.

"Kamyo ni muzuri," akasema. "Haina kosa. Kosa ni ya ile inabebaka."

Mtoto hakuruhusiwa kupeleka kichezeo nyumbani mpaka akiharibu na kukitengeneza tena mbele yake. "Kintu unajua kutengeneza ni yako," aliwaambia. "Ile hujue, ni ya duka." Mtoto wa mfanyabiashara mmoja alikuja na gari la betri linalolia na kuwaka taa. Siku ya tatu likanyamaza. Mwalimu akamwambia, "Tengeneza." Mtoto akalia. Mwalimu akampa mkebe.

Usidhani alikuwa mama mpole. Aliwavuta wazazi masikio kwa maneno, na mzazi aliyechelewa kumchukua mtoto alipewa ufagio afagie klasi. Mimi mwenyewe alinicheka mbele ya watu alipoona mistari yangu ya makaa ukutani. Siku hiyo nilikasirika, nikamwambia ukweli wangu. "Mwalimu, mi ni vidange ya shule. Shule ilinikunywa kidogo, ikanitupa. Lakini tazama hii depo. Nani alinifundisha?"

Alipitisha ukingo wa mkebe mdomoni. Kisha akasema, "Hakuna mutu alisema vidange haina na buzito." Nilidhani ni maneno tu ya kunituliza. Baadaye nikaona ni somo, na ni somo alilowafundisha watoto wa miaka mitano.

Lilikuwa hivi. Alitengeneza mizani. Fimbo moja iliyonyooka imening'inizwa katikati kwa kamba, na kila upande sahani ya mkebe mkubwa wa maziwa ya unga. Kisha akachukua chupa ya plastiki ya litre moja, akaijaza maji hadi kwenye alama. Maji ya litre moja ni kilo moja. Hilo mimi sikulijua. Nilikuwa na depo, frigo nne na kamyoneti, na sikulijua, na watoto wa upande wa pili wa ukuta walilijua wakiliimba. Lakini mwalimu hakuishia hapo. Chupa yenyewe nayo ina uzito wake mdogo. Kwa hiyo ukiweka chupa ya maji upande huu, upande wa kitu unachopima, tuseme sukari, weka nawe chupa tupu iliyo sawa na ile, ndipo mizani itasema kweli. Watoto waliimba hivyo: mayi haina na bongo, na hata vidange iko na buzito.

Kando ya depo nina duka dogo, sukari, chumvi, samaki wakavu, na mizani ya mshale. Siku moja akaja msichana wa klasi ile, binti wa mama anayeuza mikate ya kukaanga, kichwa chake hakijafika kaunta. Nyuma yake mstari wa akina mama, kama kawaida. Duka langu lilipendwa sana, nami nilijua sababu: tabia yangu.

"Tata Depo, mama anasema kilo moja ya sukari. Lakini mbele pima hii." Akainua chupa ya maji.

"Juu ya nini?" nikauliza sababu.

"Mwalimu anasema kila balanse iulizwe."

Akina mama wakacheka. Nikaweka chupa juu ya mizani ili nimwaibishe. Mshale ukapanda, ukasimama kabla ya kilo. Ulibaki mbali, kama upana wa vidole viwili.

"Chupa yako haiyajaa," nikasema.

"Imejaa, tata. Na iko na vidange yake tena juu."

Nikahisi damu inapanda. Nilidhani ananiita mwizi mbele ya mtaa mzima, mimi ambaye sijaiba hata kifuniko. Nilipaza sauti. Ndipo mama mmoja wa mstarini akasema kwa sauti tamu isiyo ya kawaida, "Tata Depo, acha mutoto. Balanse yako iko muzuri sana. Usiiguse." Na wengine wote wakaitikia, "Usiiguse, tata. Iko muzuri."

Hapo nikanyamaza, nikafikiri. Nilichelewa, lakini nilifika. Mshale unasema kidogo wakati kitu ni kingi. Basi kila kilo niliyowapimia hawa, kwa miaka yote, ilikuwa kilo na zaidi. Nikawatazama mmoja mmoja. Kila mmoja alitazama pembeni. Tabia yangu, kumbe.

Nikaitengeneza mizani siku hiyo hiyo. Mstari ukapungua nusu, na akina mama wakamlaani mwalimu juma zima. Nilipokwenda kumwambia, alisema tu, "Balanse yenye kudanganya kwa faida ya bengine, kesho itadanganya kwa faida yako. Utaipenda, na hautaitengeneza tena." Nimelifikiria neno hilo mara nyingi kuliko mahubiri yoyote.

Basi enspekteri akaja.

Asubuhi ile, kabla ya kuingia shuleni, alisimama kwangu. Sikumjua. Mtu wa tai, mkoba mkubwa wa ngozi, ameomba maji baridi na kilo ya sukari ya kupeleka nyumbani. Nikampimia kwa haraka kwa sababu Direkteri alikuwa ametuma nipeleke kasiye ya soda za mgeni. Nilipofika shuleni na kasiye begani, nikakuta mgeni ndiye yule yule, amesimama katikati ya klasi na karatasi mkononi, na Direkteri pembeni anamwonyesha vitu kwa ncha ya kiatu.

"Unaona, chef. Bintu ya nganda. Mikebe ya pombe kwa batoto badogo ya maternelle."

Enspekteri alisoma kwenye karatasi yake. Vya kuhesabia? Mwalimu akaonyesha vifuniko kwenye uzi. Vya muziki? Akaonyesha. Vya kusukuma, vya kupanga, vya kuvalisha? Akaonyesha, na kila mara yule mgeni alitikisa kichwa kukataa. Mimi nilishusha kasiye mlangoni nikasimama hapo. Mwalimu hakujieleza, si mnamjua sasa. Nilimwona anaupoteza mchezo kwa ukimya wake, na nilitaka kumpiga teke.

"Vya kupimia?" enspekteri akauliza. Mwalimu akaonyesha fimbo iliyoning'inia. Mgeni akacheka, si kwa ubaya. "Mwalimu, hii ni ya kucheza. Haiwezi kupima."

"Inapima, tata," ikasema sauti kutoka kwenye mkeka. Ilikuwa yule msichana wa mikate. "Leta kintu."

Direkteri akamwambia akae. Enspekteri akasema mwache. Akafungua mkoba, akatoa kile alichokuwa nacho. Akatoa sukari yangu.

Nawaambia bila aibu, jasho lilinitoka mgongoni. Nilijaribu kukumbuka asubuhi. Je, nilipima vizuri? Je, kidole changu kilikuwa wapi? Kama kilo yangu imepungua, mwalimu ataonekana ana mizani ya uongo, au mimi nitaonekana mwizi, na kwa njia yoyote chumba kimekwenda.

Msichana akaweka chupa ya maji upande mmoja, sukari upande wa pili. Fimbo ikainama kidogo upande wa maji. Direkteri akapumua kwa raha. Lakini mtoto hakuwa amemaliza. Akachukua chupa tupu, akailaza juu ya sukari.

"Sasa juu ya nini unaongeza takataka?" enspekteri akauliza.

"Haiko takataka," msichana akasema polepole, kama anayefundisha mtoto mdogo. "Kule kuko mayi na chupa. Huku tunaweka sukari na chupa. Hata vidange iko na buzito, tata."

Fimbo ikayumba, ikapanda, ikashuka, ikatulia. Ilinyooka kama meza. Enspekteri aliinama, akaitazama kwa jicho moja, kama yule mchimbaji alivyoitazama kamyo. Kisha akaingiza tena mkono mkobani, akatoa mchele aliokuwa ameununua soko kubwa, kilo moja, umefungwa vizuri. Akampa mtoto mwenyewe.

Mchele ulipanda juu kama ndege. Maji yakashuka hadi mkeka.

"Banakuibia, tata," msichana akasema kwa huruma.

"Banakuibia," klasi nzima ikaitikia, watoto hamsini, kama kwaya.

Enspekteri alisimama pale na mchele wake. Nikamtazama mwalimu. Alikuwa amekaa kwenye kibao chake, anapitisha ukingo wa mkebe mdomoni, hana habari na ulimwengu.

Mgeni akaandika kwa muda mrefu. Alipomaliza alimsomea Direkteri mstari mmoja tu, kwamba vifaa vya klasi hii vimekamilika na chumba kisiguswe. Kisha akamgeukia mwalimu, sauti imeshuka. "Mwalimu, naomba hii chupa ya mayi. Narudia sokoni sasa hivi."

"Chukua," akamjibu. "Lakini utarudisha vidange."

Aliirudisha. Juma moja baadaye, tai na yote, alikuja kwenye depo yangu na chupa tupu mkononi, akauliza aiweke wapi. Nikamwonyesha pipa. Soda za siku ile alizinywa Direkteri peke yake, na vidange zangu zilirudi zote.

Miaka imepita. Mwalimu amezeeka, siku hizi klasi anaifundisha mwingine, msichana wa mjini mwenye diploma. Lakini chumba ni kile, kimepakwa rangi, na vichezeo bado vinatoka mikononi mwa yule mama. Watoto wa kwanza wamekuwa watu wazima. Wengine wamekwenda mbali. Wengine wanachimba, siwezi kusema uongo, Kolwezi ni Kolwezi.

Kiangazi kilichopita nilipeleka vinywaji kwenye njia ya Mashamba, mahali wanunuzi wa madini wameweka mizani zao chini ya hema. Mwalimu alikuwa amepanda kamyoneti yangu na gunia lake, kwa sababu huko mikebe ni mingi. Kwenye hema moja kulikuwa na vijana kumi, magunia yao yamepangwa, na mbele yao mwanamke kijana mwenye daftari. Nilimtambua kwa kichwa anavyokiinamisha. Binti wa mama mikate. Siku hizi ndiye wanayemtuma kuwasemea.

"Leta gunia ya kwanza," mnunuzi akasema.

"Mbele mayi," akajibu binti.

Kila kijana akafungua chupa iliyokuwa imefungwa kiunoni. Mimi siku zote nilidhani ni za kiu. Chupa kumi za litre moja, zikapangwa juu ya mizani. Kilo kumi, na uzito kidogo wa chupa zenyewe. Mizani ikaandika nane.

Mnunuzi alianza kusema kuhusu vumbi, kuhusu upepo, kuhusu betri. Vijana hawakugombana. Walisimama tu, mikono nyuma, kama wako klasini. Mwishowe mnunuzi akainama, akazungusha kitu chini ya mizani, mara ikaandika kumi na nukta ndogo. Magunia yakapimwa, yote, na hakuna aliyepunjwa.

"Nani alibafundisha hii?" mnunuzi akauliza.

Vijana kumi wakanyoosha vidole upande mmoja. Kule, nyuma ya kamyoneti yangu, mama mmoja mzee alikuwa ameinama anaokota mikebe.

"Ule mama wa takataka?"

"Njo mwalimu yetu," binti akasema. "Na usimwite vile tena. Tunarudia hapa kesho, na mayi."

Mwalimu alikuja akiburuta gunia, hakumtazama mnunuzi wala mizani. "Mumemaliza kupima?"

"Tumemaliza, mwalimu."

"Basi munipe vidange. Klasi inafungua kesho kutwa, na mwaka hii batoto ni mingi."

Wakanywa maji yale palepale, wote kumi, vichwa nyuma, na mmoja mmoja wakaja kutia chupa tupu ndani ya gunia, kila mmoja akiinama kidogo. Yeye alihesabu kwa macho. Kisha akanigeukia.

"Tata Depo, nisaidie kupandisha."

Nilikuwa tayari nimefungua mdomo nimwambie kwamba gunia hilo ni mikebe na chupa tupu tu, mkono mmoja unatosha. Nikaufunga. Nililibeba kwa mikono miwili.